Jiwe jekundu la kijitoni Mahenge: ni la nani, na nilifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mkulima wa mpunga na mahindi wilayani Ulanga, si mbali na Mahenge. Mwezi uliopita, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, nilikuwa navuka kijito nje ya kijiji nikaona kitu chekundu kimekwama kwenye changarawe. Kijiwe chenyewe ni sawa na punje ya hindi. Kina ncha juu na chini, na ubavuni kina pembe nne. Kingo zake ni kali, ukipitisha kidole unasikia. Ukikielekeza kwenye jua kinawaka kama kaa la moto. Nilirudi na kaka yangu tukapata vingine viwili vidogo zaidi. Sasa kaka ameanza kuchimba ukingoni. Kuna broka ameviona, anasema ni rubi, anatupa laki moja na nusu kwa vyote vitatu, ila tusimwambie mtu na tumpeleke tulipovitoa. Babu anasema pale ni ardhi ya umma, si shamba la mtu, kwa hiyo aliyeokota ndiye mwenye mali. Nimeona pia video ya Marekani, watu wanalipa kiingilio, wanachimba almasi hifadhini na kuondoka nazo. Je, tuuze? Ni rubi kweli? Na mtu wa kawaida anaweza kuchimba pale kihalali bila kuwa na mamilioni?"

Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeuliza kabla ya kupokea hela ya mtu. Maswali yako yote nitayajibu, lakini kwanza tumtazame huyo broka, maana ofa yake inaeleza jambo ambalo wewe hujalitilia maanani.

Kakutajia bei ya jumla kwa mawe matatu bila mzani na bila lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia vito. Halafu kaweka masharti mawili: mnyamaze, na mumpeleke mahali. Hiyo laki na nusu ni kishika uchumba tu. Anachokiposa ni mahali. Sheria yetu ya madini haimpi haki ya kuchimba mtu aliyeona jiwe kwanza. Inampa aliyeomba leseni kwanza na akakubaliwa. Ukimwonyesha kijito leo, kesho anaweza kupeleka ombi lenye alama za eneo lile, na wewe uliyeokota utabaki kuwa mtu aliyemwelekeza njia. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa barazani na mama mmoja aliyenionyesha mfuko wa chumvi aliouhifadhi kabatini. Ndani zilikuwa zimebaki chenga mbili nyekundu, ndogo kuliko mbegu za pilipili. Yaliyo makubwa aliyauza, na mnunuzi akaomba aonyeshwe yalikotoka, naye akamwonyesha kwa moyo mweupe. Baada ya miezi miwili walikuja watu na vigingi. Walikuwa na karatasi zao zote, hakuna sheria waliyovunja.

Kwa hiyo mpaka hapa jibu ni hili: msiuze, na msimpeleke mtu yeyote kijitoni. Sasa twende taratibu.

Babu yako hajakosea kuhusu ardhi. Amekosea kuhusu kilichomo ndani yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kijito chako, kwa unavyoeleza, huenda kiko kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji. Lakini madini yana sheria yake, Sheria ya Madini ya 2010, Sura ya 123, iliyorekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2017. Sheria hiyo inasema madini yote yaliyo juu ya ardhi, ndani yake na chini ya maji ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyatafuta wala kuyachimba bila haki ya madini, yaani leseni. Haijalishi kama ni porini au katikati ya shamba la mahindi la mama yako mwenye hati mkononi. Hati ya ardhi haikupi madini, na leseni ya madini nayo haikupi ardhi. Haya mawili watu huyachanganya kila siku, na kesi nyingi za vijijini zinaanzia hapo.

Kuhusu video ya Marekani, ulichokiona ni cha kweli. Mahali pale panaitwa Crater of Diamonds, karibu na mji wa Murfreesboro, jimbo la Arkansas. Jimbo lilipanunua na kupafanya hifadhi mwaka 1972, na kuna uwanja wa ekari 37 hivi unaolimwa kwa trekta mara kwa mara ili udongo mpya uje juu. Mgeni analipa, anachekecha, na akipata almasi ni yake. Ila hata huko si kila ardhi ya serikali iko hivyo. Katika maeneo ya wazi ya serikali kuu, mtu huruhusiwa kuokota mawe kiasi kidogo kwa ajili yake mwenyewe, si kwa kuuza. Kwa miti iliyogeuka mawe, kwa mfano, kikomo ni ratili 25 kwa siku na kipande kimoja juu yake, na kwa mwaka zisizidi 250. Ukiingia kwenye hifadhi zao za taifa hutoki hata na kokoto. Ruhusa hizo zipo kwa sababu sheria ya mahali husika imezitamka. Yetu haijatamka ruhusa ya namna hiyo kwa vito. Hatuna kipimo cha kuokota kidogo kwa matumizi yako, kwa hiyo usiichukue desturi ya Arkansas ukaja kuitetea mbele ya polisi wa Ulanga.

Sitakuficha basi: mawe hayo matatu, kisheria, bado si yenu. La kwanza ulilikuta njiani, na kwa hilo sioni mtu wa kukulaumu. Lakini mliporudi mkatafuta kwa makusudi, na kaka alipotia jembe ukingoni, mlishavuka mstari. Bado ni jambo dogo na linarekebishika, mradi lisiendelee.

Sasa jiwe lenyewe. Broka kasema rubi. Mimi, kwa umbo ulilolieleza, naona ni spineli, kito kingine kinachofanana na rubi. Ncha juu, ncha chini, pembe nne ubavuni: hiyo ni fuwele yenye nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizogundishwa kwenye vitako. Spineli ikikua bila kubanwa hutoka hivyo. Rubi haikui hivyo. Yenyewe huja na pande sita, ama ndefu kama kipande cha penseli ama bapa kama kidonge. Ganeti, ambayo nayo ni nyekundu na imewadanganya wengi, huwa na nyuso nyingi zenye umbo la uru kwenye karata, mara nyingi kumi na mbili, hivyo ukiishika kiganjani unaisikia kama kipande cha mpira wa duara. Na kuwaka kama kaa la moto nako kunaniambia kitu. Spineli ya Mahenge ina kromiamu, ambayo ndiyo inayotia wekundu, na ina chuma kidogo sana. Chuma kikiwa kingi huzima mng'ao, kikiwa kidogo jiwe linapokea mwanga wa jua na kuutoa tena kwa wekundu wake lenyewe.

Kipimo kimoja unaweza kukifanya bila kuliumiza. Tafuta tochi ya zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti, ingia chumba chenye giza, limulike. Spineli ya kwenu na rubi zote mbili zitawaka nyekundu. Ganeti itabaki nyeusi tii, na kioo cha taa ya gari, ambacho vijana huokota mtoni wakashangilia, kwa kawaida hakitakupa mng'ao huo mwekundu. Kutenganisha spineli na rubi kunahitaji vifaa vya mtaalamu. Kwa ufupi, mwanga ukiingia kwenye rubi hugawanyika njia mbili, ndiyo maana ukiigeuza huonyesha nyekundu mbili zinazotofautiana kidogo. Spineli hukuonyesha rangi ile ile kila upande. Usikwaruze kioo nalo. Spineli, rubi, ganeti na hata kwatzi ya kawaida zote hukwaruza kioo, kwa hiyo hutajua lolote na utakuwa umevunja ncha. Usilichome moto, usilipige nyundo. Mbili zile ndogo zifunge kwenye karatasi tofauti, zisisuguane na kubwa.

Na usivunjike moyo kwamba huenda si rubi. Spineli ilijificha ndani ya jina la rubi kwa karne nyingi, hadi mwaka 1783 ilipotambuliwa kuwa madini ya aina yake. Jiwe jekundu la mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, lile wanaloliita Black Prince's Ruby, ni spineli. Kwenu Mahenge, mwaka 2007, eneo la Ipanko lilitoa fuwele kubwa za spineli ambazo iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa na kilo 52. Sehemu kubwa yake haikuwa ya kukatwa vito, lakini vipande safi vilivyotoka humo, vyenye pinki inayokaribia nyekundu, vililifanya jina la Mahenge litajwe na wauza vito duniani kote. Mtu anayekwambia rubi bila kupima, ama hajui, ama anajua na anataka ukibaini baadaye kwamba ni spineli udhani alikupa zaidi ya haki yako.

Ili uelewe kijito chako kinasema nini, lazima ujue jiwe lilikotoka. Milima ya Mahenge ina mikanda ya marumaru. Marumaru hiyo zamani ilikuwa chokaa ya kitako cha bahari. Takriban miaka milioni 600 iliyopita mabara yaligongana, sehemu hii ya Afrika ikabanwa na kupikwa ndani ya ardhi, chokaa ikageuka marumaru, na tope kidogo lililokuwa limenaswa ndani yake likatoa alumini. Palipokuwa na magnesiamu ya kutosha, alumini iliungana nayo na oksijeni ikawa spineli. Magnesiamu ilipopungua, alumini ilibaki na oksijeni peke yao ikawa rubi. Ndiyo sababu mawe haya mawili ni majirani kwenye milima yenu, wakati mwingine mwamba mmoja.

Kisha mvua ikafanya kazi yake. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na asidi hula marumaru pole pole. Kwaruza unga kidogo wa mwamba huo udondoshee ndimu au siki, mara nyingi utaona mapovu madogo. Spineli haijali asidi hiyo. Marumaru inayeyuka, spineli inabaki, inateremka na maji. Wewe unalima mpunga, umemwona mama akipeta: pumba zinaruka, mchele unabaki kwenye ungo. Mto unapeta hivyo hivyo. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ina uzito wa mara 2.65 ya maji, spineli mara 3.6. Maji yenye nguvu huondoka na mchanga, na spineli huzama nyuma ya jiwe kubwa, kwenye kona ya ndani ambako maji hupunguza kasi, kwenye vishimo vya mwamba, na zaidi chini kabisa, pale changarawe inapokutana na mwamba mgumu.

Sasa rudi kwenye neno ulilolitaja kama la kupita: kingo ni kali. Jiwe lililosafiri mbali mtoni huviringika, ncha zikalainika, likawa kama peremende iliyonyonywa. Lako bado linakwaruza kidole. Hilo halikutembea sana. Mwamba mama, yaani marumaru lilimozaliwa, uko juu ya hapo, huenda si mbali, upande wa mlima ambako maji ya mvua hushukia. Kaka yako anachimba mahali jiwe liliposimama kupumzika. Nyumbani kwake ni juu.

Hapa sheria na jiolojia zinakubaliana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo hata ungekuwa na leseni, ukingo si pa kuanzia. Mimi nilizaliwa karibu na mto uliochimbwa ukageuka tope, na hili nalisema kwa uchungu: changarawe ikivurugwa, maji machafu hayaishii kwa mchimbaji. Yanashuka hadi kwenye majaruba, yanaziba mifereji, na ng'ombe wanayanywa. Mpunga utakaoharibika ni wa jirani yako, labda na wako.

Kabla ya kuota leseni, jua kijito kinaanzia wapi. Milima ya Mahenge ina misitu ya hifadhi inayolinda vyanzo vya maji, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kama mwamba mama uko ndani ya mpaka wa msitu, hutagusa kitu bila ridhaa ya wenye msitu, na ridhaa hiyo haipatikani kirahisi, wala haipaswi. Hifadhi ya taifa nayo usiifikirie kabisa. Mipaka hii haionekani kwa macho. Alama ya rangi kwenye mti hufutika, na wazee hukumbuka mpaka wa zamani. Muulize ofisa wa TFS wa wilaya akuonyeshe kwenye ramani.

Tuseme uko nje ya msitu. Njia ya mtu wa kawaida ni leseni ya uchimbaji mdogo, watu wanaiita PML. Imewekwa kwa ajili ya Mtanzania, mwenye miaka 18 au zaidi, peke yake au na wenzake Watanzania. Muda wake ni miaka saba na inaweza kuhuishwa. Jambo zuri ni kwamba inakupa haki ya kutafuta na kuchimba kwa pamoja ndani ya eneo lako, huhitaji leseni mbili. Ombi linapelekwa kwa mfumo wa mtandao wa Tume ya Madini, na ofisi ya Afisa Madini Mkazi iliyopo Mahenge itakusaidia kama mtandao unakushinda. Utahitaji kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, alama za pembe za eneo, na ada. Viwango vya ada hubadilika, kwa hiyo uliza cha mwaka huu, na uulize pia ada ya mwaka inayofuata, kwa sababu hiyo ndiyo huwashinda wengi. Wanalipa ya kwanza kwa shangwe, ya pili hawana, leseni inafutwa.

Leseni ikitoka, kazi ya makaratasi haijaisha. Lazima ukubaliane kwa maandishi na mwenye kuitumia ardhi, awe mkulima au halmashauri ya kijiji, na ulipe fidia ya mazao au mali utakayoharibu. Lazima uwe na mpango wa kutunza mazingira. Karibu na nyumba za watu, makaburi, mabwawa na mashamba yaliyolimwa kuna vizuizi vya ziada. Watu huona haya yote ni usumbufu. Mimi nimeona migodi miwili midogo ikifungwa kwa ugomvi na kijiji, si kwa kukosa mawe, na yote miwili ilianza bila muhtasari wa mkutano wa kijiji.

Inawezekana pia, na kwa Mahenge inawezekana sana, kwamba ukiangalia ramani ya leseni utakuta eneo tayari lina mwenyewe. Usikate tamaa papo hapo. Muulize ofisa leseni ile ni ya aina gani, iko hai au muda wake unakwisha, na kama kuna maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wadogo. La sivyo, nenda kwa mwenye leseni muongee. Wachimbaji wengi hufanya kazi kwenye leseni ya mtu mwingine kwa makubaliano ya mgao. Hilo ni halali likifanywa wazi na likaandikwa. Kwenye karatasi itajwe nani analipa chakula na vifaa, nani anabeba hasara mkikosa, mgao unakatwa kabla au baada ya gharama, na mawe yanauzwa wapi mbele ya nani. Maneno ya mdomo huwa matamu hadi siku jiwe kubwa linapotoka.

Na mamilioni? Nitakujibu kama ningemjibu mwanangu wa kumzaa. Leseni yenyewe haihitaji mamilioni. Kuchimba marumaru ndiko kunakohitaji. Marumaru haiendi kwa jembe. Utataka nyundo nzito, patasi, pengine kompresa, na watu wa kulisha miezi kadhaa bila jiwe. Kama juu ya mwamba kuna udongo mzito uliohifadhi mawe yaliyoachwa na marumaru iliyoyeyuka, kazi ni rahisi zaidi, ni koleo, chekeche na maji. Lakini wengi ninaowafahamu wamemaliza msimu mzima mikono mitupu. Usiuze shamba la mpunga kwa ajili ya hili. Usikope kwa mtu anayetaka kulipwa kwa mawe. Mkiwa kikundi cha watu watano mnaoaminiana, mkagawana ada na kila mmoja akabaki na kilimo chake, mtaweza kuvumilia mwaka mkavu. Njia ya tatu ipo pia, nayo naiheshimu: toa taarifa ofisini, uachane nayo, uendelee na mahindi.

Wasomaji wa Taita Taveta na kwingineko Kenya, kwenu ni sheria nyingine, ya 2016. Madini ni ya taifa vile vile, ila mchimbaji wa mikono huomba kibali cha miaka mitatu kupitia kamati ya kaunti. Msinakili hatua za Ulanga.

Siku mtakapokuwa na jiwe halali, msiuze chini ya mwembe. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na Mahenge lipo. Pale jiwe linapimwa mbele yako na mthamini wa serikali, na wanunuzi wenye leseni ni zaidi ya mmoja. Kwa vito ghafi kuna mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na ushuru wa halmashauri wa asilimia 0.3. Tozo nyingine huja na bajeti, kwa hiyo omba mchanganuo ulioandikwa. Makato hayo yanaumiza kuyatazama, nakubali. Lakini jiwe lenye karatasi linaweza kwenda Arusha au nje ya nchi mchana kweupe, na mnunuzi hana cha kukutishia. Jiwe la magendo bei yake anaipanga yule anayejua kwamba huna pa kwenda kulalamika.

Jifunze karati kabla ya siku hiyo: gramu moja ni karati tano. Spineli hutazamwa rangi kwanza, kisha usafi wa ndani, kisha ukubwa. Jiwe ghafi likikatwa hupoteza uzito mwingi, mara nyingi halibaki hata nusu, kwa hiyo bei ya karati ya jiwe lililokatwa unayoiona mtandaoni usiiweke kwenye punje yako ghafi. Jiwe likiwa na thamani ya kutia shaka, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kina vifaa vya kulitambua bila kulidhuru.

Wiki hii fanya hivi. Simama mahali ulipookota la kwanza, fungua ramani ya simu, andika namba za eneo kwenye daftari, si kwenye kundi la WhatsApp. Piga picha ya mwamba wowote mweupe unaouona upande wa juu bila kuugonga. Kisha nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi wewe mwenyewe, na mawe yote matatu, ueleze yalivyopatikana bila kupunguza neno, shimo la kaka likiwemo. Omba kuangaliwa eneo kwenye ramani ya leseni, na kama liko wazi na umeamua, anza ombi siku hiyo hiyo. Huenda mawe yakabaki ofisini. Kubali, na omba hati ya kuyapokea. Kwa ninavyoijua kazi hii, mtu anayeingia mwenyewe na punje tatu hupokewa tofauti kabisa na anayekutwa nazo kwenye basi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama kijiji kina mgogoro juu ya eneo lile, au mtu anakuletea mkataba wa kusaini, nenda kwa wakili au msaidizi wa kisheria wa wilaya kabla ya kuweka kalamu. Kama broka ataanza vitisho, nenda polisi, na umwambie mwenyekiti wa kijiji. Kwa sasa mwambie broka tu kwamba mawe yapo ofisini kwa ofisa madini na kwamba soko liko wazi kwake kama ana leseni ya ubroka. Anayo, atakwenda. Hana, hutamwona tena.

Na kaka yako afukie lile shimo. Ukingo uliolowa hauna habari ya kuonya, huporomoka mara moja, na watoto wa kijiji huvuka pale pale wakienda shule. Arudishe udongo wote, aushindilie, apande nyasi za kushika ukingo kabla mvua za Machi hazijafika.